Wali wa Jana kwa Wageni wa Leo

Vijana, mnanitumia picha za wali ulioshikana na kuniuliza mmekosea wapi, kana kwamba mimi ni daktari wa nafaka. Wengine wenu ni watoto wa ndugu zangu, wengine siwajui hata kidogo, na juzi kuna mmoja aliyenitumia video ya karai likifuka moshi na maneno mawili tu: "Uncle, saidia." Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake, nimeamua kuandika mara moja. Zimeni meko kwanza. Najua kuna mmoja anayesoma haya huku mafuta yakiungua.

Nianze kwa kusema kwamba upishi haukuwa mpango wangu. Nilisomea falsafa chuo kikuu. Nilirudi nyumbani Kabuchai, huko Bungoma, na kofia ya mahafali mkononi, na baba, ambaye alikuwa mkulima wa miwa na mtu wa heshima sana, akaniuliza kwa upole falsafa inapandwa msimu gani. Nikaenda Kitale kutafuta kazi ya kuandika. Nikapata ya kumenya vitunguu. Nilijiambia ni ya muda, hadi nitakapopata inayonifaa, na nikaendelea kujiambia hivyo mpaka bega langu la kulia likastaafu kwa sababu ya kutikisa karai. Lilipostaafu bega, nami nikalifuata.

Hoteli yetu ilikuwa na joka jekundu juu ya mlango. Aliyelichora hakuwa ameona joka, kwa hivyo lilifanana zaidi na kenge aliyeshiba, na mji mzima ukaiita Hoteli ya Joka. Tuliuza vyakula vya Kichina, na vya Kihindi kidogo: wali wa kukaanga, tambi za kukaanga, kuku wa pilipili, sambusa. Jikoni hapakuwa na mtu aliyefika mbali kuliko Mombasa. Mpishi mkuu, Mzee Gitau, alizaliwa Kitale na wazazi waliohamia huko kutoka mkoa wa Kati, na alifundishwa kazi na mpishi aliyefundishwa na mpishi aliyewahi kumfanyia kazi Mchina Nairobi. Chakula chetu kilikuwa na Uchina kama chai ya rangi ilivyo na maziwa. Lakini wakulima wakishauza mahindi walikuja na familia nzima, wamevaa vizuri, na watoto walikula wakilitazama lile joka kwa hofu.

Mzee Gitau alikuwa na imani zake. Aliamini kwamba sosi ya soya ni sukari iliyounguzwa ikatiwa chumvi. Mimi, kwa vile nilikuwa msomi, nilimsomea karatasi ya chupa: maharage ya soya, ngano, chumvi, maji. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Umemaliza kusoma?"

"Nimemaliza, Mzee."

"Sasa imekuwa tamu zaidi?"

"Hapana."

"Basi rudi kwa vitunguu."

Alikosea kuhusu sosi mpaka siku anastaafu, na mpaka siku hiyo kuku wake wa pilipili hakuwa na mshindani. Nawaambia hili ili msidhani namfanya malaika. Aliamini pia kwamba karoti huzuia malaria.

Haya, tuingie jikoni. Mpishi wa nyumbani anayetaka ladha ya hoteli hufanya kosa moja kabla hata ya kuwasha moto. Anawasha halafu ndiyo anaanza kukata kitunguu. Chakula cha namna hii huiva haraka kuliko mtu anavyotafuta kisu. Siku yangu ya kwanza kwenye karai nilimwaga mafuta, nikageuka kukata pilipili hoho, na nilipogeuka tena kulikuwa na moto unaofika darini na Mzee Gitau akiufunika kwa kifuniko cha sufuria bila haraka, kama mtu anayefunika maziwa. "Profesa," akasema, maana ndilo jina alilonipa, "moto haungoji mhadhara." Tangu hapo nilikata kila kitu kwanza: kitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi, karoti, hoho, majani ya kitunguu. Vyote katika bakuli zake, vimejipanga kama watu kwenye foleni ya benki. Ndipo moto.

Pili, msijaze karai. Ninyi mnapika kwa ajili ya watu wanane na mnataka wote watoshee kwa mkupuo mmoja. Ukijaza, nyama inatoa maji, na badala ya kukaanga unachemsha. Kaanga kidogo, toa, kaanga tena. Mboga nazo zitoke zikiwa bado zinalia mdomoni. Najua mama zenu watasema hazijaiva. Mama yangu alizirudisha zote kwenye sufuria mara ya kwanza nilipompikia, akaziongezea maji na maziwa, akafunika. Tulikula kitu ambacho hakina jina katika nchi yoyote.

Tatu, kuku. Kuku wa gredi, yule mweupe wa dukani, mkate vipande vidogo, mpake sosi ya soya, yai, na ule unga laini mweupe unaouzwa kwa pakiti ndogo kwa kazi ya kuzitisha mchuzi, halafu mkaange haraka. Sio unga wa ugali! Nasema hivi kwa uchungu. Ule wa pakiti ulipoisha siku moja Mzee Gitau akiwa hayupo, mimi nikawaza kama mtu wa Bungoma anavyowaza, kwamba hakuna shida duniani ambayo unga wa mahindi hauwezi kutatua. Mchuzi ulizita kweli. Uliendelea kuzita njiani kuelekea mezani. Mteja aliuchoma kwa uma, uma ukasimama wenyewe, akamwita mhudumu: "Kuja, bana. Huyu kuku amekufia ndani ya uji?"

Na kuku wa kienyeji? Huyo si wa kukaanga haraka. Amekimbia maisha yake yote, ana misuli ya mwanariadha. Mchemshe taratibu na tangawizi nyingi na chumvi mpaka akubali, mchambue, ndipo umpitishe kwenye karai na pilipili. Supu yake usimwage. Mtanishukuru.

Sasa wali, maana ndiko mnakolilia. Siri ya wali wa kukaanga ni ndogo na haina heshima: unatakiwa uwe wa jana. Wali uliotoka motoni sasa hivi umelewa mvuke. Ukiutia kwenye mafuta unashikana, unakuwa mabonge, unakuwa zile picha mnazonitumia. Wali uliopoa usiku mzima kwenye friji umekauka, kila punje inajitegemea, na ukiingia kwenye karai unaruka. Nasema kwenye friji. Usiuache mezani mpaka asubuhi, utakaanga wali na tumbo lako pamoja. Ukishaiva, utandaze upoe upesi, ufunike, uingie kwenye baridi. Hotelini kila alasiri tulipika wali wa kesho, na hakuna mteja aliyejua kwamba anavaa tai na kulipa pesa nzuri kula kiporo. Au ndivyo nilivyodhani.

Siri hii karibu inikoseshe mkwe. Ngojeni niwasimulie, kwa sababu ndani yake kuna dawa ya wale wasio na friji na wale wenye shangazi.

Binti yangu Nekesa alimpata kijana wa Tuwan, Kitale, anaitwa Mwangi. Familia yao inauza mbegu na mbolea. Kijana hana kelele, anasalimia vizuri, nami nilimpenda mara moja kwa sababu alimaliza sahani. Baba yake naye hakuwa na neno. Shida ilikuwa mama. Hakukataa, hakukubali, alinyamaza tu, na ninyi mnajua kunyamaza kwa mama kulivyo na sauti. Tukaambiwa wanakuja kwetu Kabuchai Jumamosi, watuone na sisi tuwaone.

Nekesa alikuja na ujumbe akiwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Baba, Mama Mwangi amesema tusijisumbue na pilau. Anataka ile wali ya Joka."

"Ya Joka? Hoteli si imefungwa? Pale siku hizi ni duka la simu."

"Ndio maana anataka. Ati walikuwa wanaenda wakiuza mahindi, na hajawahi kuikula tena mahali. Nikamwambia ni wewe ulikuwa unapika."

"Akasema?"

"Akasema, 'Haya, tutaona.'" Nekesa akakaa. "Baba, si unajua yeye ndio amebaki. Anasema watu wa hapa wanajua ugali na kuku, basi. Hii wali ikiharibika atarudi Kitale na sababu. Usiniangushe."

Nimepikia maafisa wa serikali. Nimepikia harusi ambayo bwana harusi alichelewa na wali ukalazimika kungoja kama bibi harusi. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa siku ile, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe.

Ijumaa alasiri nikapika wali, sufuria mbili kubwa. Nikautandaza, ukapoa, nikaujaza kwenye friji mpaka maziwa yakakosa pa kukaa. Nililala usingizi wa mtu aliyejiandaa.

Sikumhesabu Senge. Senge ni dada yangu mkubwa, Nasimiyu. Kwetu shangazi wa upande wa baba tunamwita senge, na msichana haolewi bila neno lake. Ameolewa Chwele, na Jumamosi alifika na bodaboda ya kwanza kabisa, kuku wanne wamening'inia kwenye usukani, yeye ameketi wima nyuma kama gavana. Nilipoamka nilimkuta jikoni. Friji ilikuwa wazi. Sufuria zote mbili zilikuwa zimeoshwa na kuinamishwa juani.

"Senge," nikasema, maana hata mimi namwita hivyo siku hizi, "iko wapi wali?"

"Ile ya jana?"

"Hiyo."

"Nimekuokoa aibu." Alikuwa anasugua mwiko. "Nimefungua kutafuta maziwa, naona mchere imelala. Ya jana! Siku ya wakwe! Nikajua mama ya Nekesa amechoka, akasahau. Mtu wa boda nimempakulia akakula, maskini, alitoka bila chai. Ingine nimepea kuku."

Kupitia dirishani niliwaona kuku. Wale wetu, na wale wanne wa Chwele waliokuja kuchinjwa, wote wamezunguka ungo mmoja na kula kwa bidii. Wali wangu ulikuwa umekauka vizuri kabisa. Kila punje ilijitegemea. Kuku hawakupata taabu hata kidogo kuidonoa.

Nekesa aliingia, akaona sufuria, akaona uso wangu, akatazama nje. "Senge!" akasema. Akatoka, akaenda kusimama karibu na miwa akitugeuzia mgongo.

"Kwani analia nini?" Senge akauliza. "Nimekosea?"

Hapa ndipo digrii ya falsafa ilipopaswa kunisaidia. Ningeweza kumweleza kwamba jana na leo ni mawazo ya binadamu tu. Lakini mwambie dada yako mkubwa kwamba ulipanga kuwalisha wakwe kiporo, tena kwa makusudi, tena kwa digrii, uone. Nikamwambia ukweli kwa ufupi: mapishi haya yanataka wali mkavu, uliopoa, na ule ndio ulikuwa mkavu.

"Mkavu?" akasema. "Si ungesema unataka mkavu. Mimi nimeona jana. Jana ni matusi. Mkavu ni kazi."

Mke wangu alikuwa ameshawasha moto. Nilikumbuka kwamba hotelini, siku za sherehe, wali wa jana ukiisha kabla ya wateja, Mzee Gitau alipika mwingine kwa maji machache, akauosha mchele mara nyingi kabla, mpaka maji yakatoka safi, ili ule unga unaoshikanisha punje uondoke. Akauepua ukiwa na moyo mgumu kidogo. Kisha akautandaza kwenye sinia mbele ya feni kubwa. Basi nikafanya hivyo hivyo, isipokuwa Kabuchai sina feni.

Ninacho kilima. Nyuma ya nyumba, asubuhi, upepo unashuka kutoka upande wa Mlima Elgon, mkavu na wa baridi. Nikaweka meza mbili hapo, nikatandika vitambaa safi, nikamwaga wali juu na kuusambaza kwa mwiko. Ulikuwa unafuka moshi kama tanuri la matofali. Kuku wakaja mara moja. Walikuwa wameshaonja, walijua ubora.

Senge alisimama pembeni, mikono nyuma.

"Sasa unaanika mchere imeiva, kama mahindi?"

"Natoa mvuke."

"Hivyo? Kwa kuupaka na mwiko kama chokaa?" Akaingia ndani, akatoka na nyungo mbili zilizooshwa. "Weka hapa. Kidogo. Si hivyo, kidogo! Nyinyi watu wa hoteli."

Akaanza kupepeta. Nimeona watu wakitikisa karai Kitale kwa miaka mingi, nami nimetikisa mpaka bega likaisha, lakini sikuwahi kufikiri kwamba wali unaweza kupepetwa. Aliurusha juu kidogo, kwa kifundo cha mkono tu, upepo ukapita katikati, mvuke ukaenda zake kuelekea Bungoma mjini. Uliposhuka, pale ulipokuwa umeshikana aliupigapiga kwa upande wa ungo, mabonge yakafunguka. Mke wangu akachukua ungo wa pili. Nekesa naye akarudi, macho mekundu, akafukuza kuku kwa fimbo, na kuwafukuza kukawa na hasira nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Wewe, shika," Senge akamwambia, akimpa ungo. "Huwezi kuolewa na hujui kupepeta. Utaenda huko kwa watu wa mukimo, wa kuponda viazi, useme senge yako alikuwa wa nini?"

Nekesa akarusha. Nusu ya wali ukaenda kwa kuku.

"Hiyo ni ya kwanza," Senge akasema. "Rudia."

Nikaacha wanawake na wali, nikaenda kwa moto. Andikeni hili: meko ya gesi ya nyumbani haina nguvu ya kutosha kwa kazi hii, na makaa hukomaa polepole. Lakini kila nyumba huku ina magunia ya magunzi, yale ya mahindi yaliyopukuchuliwa, na watu huyadharau. Magunzi makavu huwaka kwa fujo, moto mrefu na mkali, kisha huisha. Ndivyo hasa karai linavyotaka. Nikapanga mawe matatu, nikaweka karai juu, nikawa na gunia la magunzi upande wa mkono wa kushoto, na bakuli zangu za mboga zikiwa kwenye foleni ya benki upande wa kulia. Nilikuwa nimevaa suruali ya suti, kwa ajili ya wageni, na aproni juu yake.

"Tangu lini baba ya msichana anapikia wakwe?" Senge akauliza akipita.

"Tangu alipe karo kwa kupika."

Akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile.

Mafuta kwanza, mpaka yatoe moshi mwembamba. Mayai, yakoroge, yatoe. Mafuta tena, kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, usihesabu hata pumzi, karoti na minji na hoho. Ndipo wali, kidogo kidogo, mkupuo kwa mkupuo. Nilishika pumzi nilipomwaga wa kwanza. Ukaruka. Haukuruka kama wa jana, lakini uliruka. Sosi ya soya izungushwe ukingoni mwa karai, isimwagwe juu ya wali, ili iungue kidogo kabla haijafika. Hiyo harufu ndiyo mnayoisikia mkipita nje ya hoteli na kusema mna njaa. Mayai yarudi, majani ya kitunguu, basi.

Wageni walifika nikiwa kwenye mkupuo wa mwisho. Nikavua aproni, nikavaa koti, nikaenda kuwapokea nikinuka vitunguu saumu kutoka kichwani mpaka viatuni. Mama Mwangi alinipa mkono, akanusa hewa. Ni mama mnene kidogo, wa kanisa, mwenye macho ya mtu anayejua mbolea iliyochanganywa mchanga hata kabla ya kufungua gunia. Maombi yakafanywa. Yakawa marefu, mzee wetu mmoja aliwaombea hata majirani. Nilikuwa nahesabu mvuke unaopotea kwenye sinia.

Chakula kikapakuliwa. Ugali ulikuwepo, na kuku wa Chwele na firigisi zake mahali zinapostahili, kwa ajili ya wazee wetu ambao hawakuja kwa ajili ya joka lolote. Mama Mwangi akachukua wali peke yake. Kijiko cha kwanza. Akatafuna. Nekesa alikuwa amesimama na birika la maji ya kunawa, hajui kwamba maji yanamwagikia viatu vya Mwangi. Mwangi naye hakusogeza viatu.

Kijiko cha pili. Kisha Mama Mwangi akaweka kijiko chini.

"Baba Nekesa," akasema, "hii wali ni ya lini?"

 Nilifungua mdomo, lakini Senge alikuwa ameshanyooka kwenye kiti chake.

"Ya leo!" akasema. "Asubuhi hii! Hapa mgeni hapewi chakula ya jana. Nimepepeta mimi mwenyewe na hii mikono, na mama yake, na huyu msichana, mpaka mabega imelia."

"Umepepeta?"

"Na ungo."

"Wali? Iliyoiva?"

"Sasa ningepepeta nini, bana? Mawe?"

Mama Mwangi akanigeukia. "Ile ya Joka ilikuwa ya jana," akasema polepole. "Gitau tulikuwa naye kanisa moja. Aliniambia. Nyumbani kwangu hata githeri ya mahindi na maharage siwezi kula ya leo. Naacha ilale, asubuhi nakaanga, ndiyo inakuwa chakula." Akachota tena, akatazama kijiko. "Hii ni laini kidogo kuliko ile ya Gitau."

Nilihisi bega langu bovu likiuma lenyewe.

"Ni laini," akarudia. "Lakini mimi nimezaa, nimelea, nimepikia watu maisha yangu yote. Hakuna mtu amewahi kunipepetea wali." Akamtazama Nekesa, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Na wewe, unajua kupepeta?"

Nekesa akatazama maji aliyomwaga. "Bado, Mama. Nusu yote imeenda kwa kuku."

"Kuku walifurahi?"

"Sana."

Mama Mwangi akacheka, akacheka mpaka akashika kifua, na Senge akacheka, na baba yake Mwangi, ambaye hakuwa amesikia vizuri, akacheka kwa sababu mkewe anacheka na hiyo si kawaida. "Haya," Mama Mwangi akasema akijifuta macho. "Ukishajua, uje unifundishe na mimi. Ungo nitanunua."

Mwangi ndipo akasogeza viatu.

Mengine yalikuwa ya wazee, na yalikwenda yanavyokwenda. Jioni, walipokuwa wanaagana, Mama Mwangi akamvuta Senge kando. Nilikuwa karibu, nikijifanya nafunga lango.

"Dada, hiyo wali imebaki. Nifungie."

"Ya kula kwa gari?"

"Ya kesho."

 Nilidhani sasa ndipo undugu utavunjika. Senge akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na kopo kubwa lililofungwa kwa kitambaa, akamsindikiza mgeni wake mpaka kwenye gari, wameshikana mikono, wakibishana kuhusu githeri.

Kwa hivyo vijana, hayo ndiyo majibu yangu. Kama una friji, pika wali jana. Kama huna, osha mchele vizuri, tumia maji machache, tafuta upepo na ungo na mtu anayejua kuutumia. Kata kila kitu mapema. Usijaze karai. Usiguse unga wa ugali. Na kama nyumba ina senge, mweleze mpango wako kabla hajafungua friji.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na harufu. Nilijua harufu ile hata usingizini. Ni sosi ya soya inayoungua ukingoni mwa karai. Nikatoka nyuma ya nyumba. Senge alikuwa ameinama juu ya mawe matatu, leso imefungwa kiunoni, na kando yake bakuli kubwa la wali ambalo alikuwa ameliweka kwenye friji bila kumwambia mtu.

Aliniona. Hakugeuka.

"Sijakuita," akasema. "Leta magunzi."